Sahani za Miss Ernestine

Neno lililoleta balaa lilikuwa moja tu: sahani.

Kimutai alilisema asubuhi akiwa nje ya ghala moja kule Landover, kando ya jiji la Washington, upepo ukimpiga mdomoni. Alibonyeza simu, akarekodi ujumbe wa sauti, akautuma: "Evariste, sikiliza vizuri. Sahani za huyu mama usizitupe. Zifunge na blanketi, hata moja isivunjike. Hayo mengine ya kule chini ni takataka, beba yote." Akarudisha simu mfukoni na kuendelea kubishana na mwenye ghala juu ya friji iliyokataa kupita mlangoni.

Maneno yalikuwa wazi. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba za kampuni ya majani chai Kericho, ambako makabila yote yalizungumza Kiswahili, angeyaelewa. Tabu ni kwamba Evariste alikulia Bukavu, kule Kongo.

Wawili hao walikuwa na lori moja na kazi moja, kuhamisha watu na kusafisha nyumba wanazoziacha. Kimutai alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. Shule aliiacha darasa la saba na hakuwahi kuililia. Neno likimfika ulimini hulitoa kama lilivyo. Kwa sababu hiyo wateja wengine hawakumwita mara ya pili, na wengine hawakumwita mtu mwingine tena. Evariste alikuwa mwembamba, mpenda mzaha, mpiga ngoma wa kwaya katika kanisa la Waswahili kule Lanham. Hata akiwa amebeba kochi mgongoni, vidole vyake havikuacha kupigapiga mbao.

Wiki ile kazi ilikuwa Riverdale Park, katika nyumba ya matofali iliyo karibu na reli. Mwenye nyumba alikuwa Miss Ernestine, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Washington penyewe, bibi aliyekwisha kupita miaka tisini na mitano. Alikuwa anahamia nyumba ya wazee, chumba kimoja na dirisha moja. Aliyemhudumia ni Cherono, mkewe Kimutai. Kwa miaka kadhaa Cherono alikuwa akimwogesha, akimpikia, akimsikiliza. Yeye ndiye aliyemtafutia mumewe kazi hiyo, na alimwonya mapema: "Baba Chepngetich, huo mdomo wako uuache kwenye gari."

Jana yake Miss Ernestine alikuwa amemtuma Kimutai chini, kwenye chumba kilicho ndani ya ardhi, amletee vitu viwili. Cha kwanza ni kisanduku cheusi chenye mpini. Cha pili ni kasha la mbao. Kimutai alipokifungua kisanduku kile, alikaa chini kwenye ngazi bila kutaka. Kilikuwa kinanda cha santuri. Cha kuzungusha kwa mkono, kama kile cha babu yake, ambacho Jumapili kilitolewa nje na kuwekwa juu ya kigoda, watu wazima wakacheza kwenye vumbi wakiwa na viatu vyao vizuri mkononi. Akafungua na lile kasha. Zilikuwamo zimejipanga wima, nzito, nyeusi, zikinuka vumbi na gundi.

"Sahani," alisema peke yake. Kwao ziliitwa hivyo. Sahani za santuri, na watu wakizoea, sahani tu.

Alivipandisha juu. Miss Ernestine akaviweka viganja vyake juu ya kasha kama mtu anayemshika mtoto kichwani.

"Baba yangu alikuwa mpiga ngoma," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Bendi ya dansi. Watu tisa. Walikuwa wakipiga kwenye kumbi za hapa Washington, wanaume wamevaa makoti yenye mikia, kabla mimi sijazaliwa. Siku moja wakapanda garimoshi mpaka New York kuingiza wimbo kwenye santuri. Enzi hizo hakukuwa na kipaza sauti, mwanangu. Mlisimama wote mbele ya pembe kubwa ya bati, mkaipigia. Sauti yenyewe ndiyo iliyosukuma sindano, na sindano ikachora nta. Baba akafika na ngoma yake kubwa. Wakamwambia, hiyo iache kwenye korido."

"Kwa nini?"

"Ngoma ikilia, sindano inaruka. Wakampa kipande cha mti chenye uwazi ndani na kijiti, wakamsimamisha pembeni kabisa, karibu na mlango."

Akalipapasa lile kasha.

"Nilipokuwa mdogo alikuwa akiniwekea ile santuri. Wimbo ukikaribia kwisha, aliinua kidole akasema: sasa. Halafu akagonga meza. Na mimi nilisikia mti ukigonga pamoja naye, ndani ya santuri. Kaka yangu Leon alinicheka maisha yake yote. Alisema baba hayumo. Alisema ninachosikia ni vidole vya baba kwenye meza, kwamba ngoma hazikuingia kwenye santuri zile. Kisha springi ya mashine ikakatika, baba akafa, na Leon naye akafa akinicheka. Sijaisikia tangu nikiwa msichana. Nataka nijue kabla sijatoka kwenye nyumba hii."

Kimutai alizungusha mpini. Ukazunguka bure, hauna uzito, kama kamba ya kisima iliyokatika.

"Springi imekufa," alisema. "Lakini ya babu yangu ilikufa pia, tukawa tunaisukuma sahani kwa kidole. Kesho nikirudi nitakuchezea."

"Unaahidi?"

"Mimi sisemi kitu nikakiacha."

Miss Ernestine alimwonyesha alama: karatasi ya katikati ni ya bluu, maandishi ya dhahabu. Kampuni haikuandika majina ya wapigaji, jina la bendi tu. Kwa hiyo baba yake alichora lake mwenyewe kwa ncha ya msumari: Wendell. Kisha Kimutai akalirudisha kasha chini lisikanyagwe, kinanda kikabaki juu.

Kesho yake mchana Kimutai aliporudi kutoka Landover, Evariste alikuwa amesimama sebuleni kama bwana arusi. Mbele yake yalikuwa maboksi matatu yaliyofungwa kwa blanketi na utepe wa gundi, yameviringwa kama watoto wachanga wakati wa baridi.

"Angalia kazi, vieux," alisema, akimwita mzee kwa Kifaransa kama kawaida yake. "Hata ukiyatupa kutoka kwenye ndege, hakuna itavunjika."

"Vizuri. Fungua nione ile ya bluu."

"Ya bluu iko mingi. Iko na ya maua, iko na ya samaki."

Kimutai alimtazama. Akachukua kisu, akakata utepe, akafunua blanketi. Ndani zilikuwamo sahani. Sahani za kulia. Za wali, za supu, bakuli la mchuzi, na vikombe viwili ambavyo Evariste aliviongeza kwa wema wake tu.

"Evariste. Sahani ziko wapi?"

"Njo hizi."

"Sahani! Zile nyeusi! Kwenye kasha la mbao!"

"Zile? Zile si sahani. Zile ni disques."

"Ni sahani za santuri, bana!"

"Wewe ulisema sahani. Santuri hukusema. Mimi nilisikia message mara mbili. Sahani, mtu anakulia. Kwetu hata mtoto anajua. Ukisema disque, ningezibeba kama mayai."

"Na hayo mengine?"

Evariste alikuwa ameanza kuelewa. Vidole vyake, ambavyo havijawahi kutulia, vilikuwa vimetulia.

"Ulisema mengine ni takataka," alijibu polepole. "Nilipeleka na tripu ya kwanza."

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Miss Ernestine akimwambia Cherono kwamba leo atavaa ile blauzi ya kijani, kwa kuwa kuna muziki. Mlangoni Cherono alitokeza kichwa, akamwona mumewe, akaona boksi lililofunguliwa, akaelewa nusu. Akarudi ndani, akaufunga mlango polepole. Ingekuwa nafuu kama angemtukana.

Takataka zao walizikusanya kwenye kontena la chuma nyuma ya maghala ya Landover, na lori la taka la manispaa lilikuja kuliondoa kila jioni. Waliendesha bila redio. Njiani Evariste alijaribu mara moja.

"Kiswahili chenu cha Kenya kiko na shida."

"Chenu ndicho kibovu. Mnasema 'njo hizi'."

"Lakini sahani ni sahani."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza."

Kontena lilikuwa bado lipo, limejaa. Waliingia wote wawili, wakaanza kutoa: magodoro, mapazia, sofa lililooza miguu. Chini ya sofa palikuwa na lile kasha. Lilikuwa limefunguka mgongo kama kitabu kilichokanyagwa. Kimutai alipiga magoti kwenye uchafu. Vipande vilimeremeta vyeusi juani, vingine vikubwa kama mwezi nusu, vingine kama vigae vya chungu. Sasa alikumbuka kwa nini babu yake alimchapa siku moja kwa kuikalia moja tu. Vitu hivi havikunjiki. Vinavunjika kama sahani. Ndiyo maana vikaitwa hivyo.

Alivitoa kimoja kimoja na kusoma karatasi za katikati. Nyekundu. Nyeusi. Kijani. Bluu, lakini ni ya kwaya. Evariste alikuwa akivipokea na kuvipanga kwenye bati, kama mtu anayepokea mifupa ya ndugu.

"Vieux," alisema. "Pembeni pale, chini ya godoro la mtoto."

Ilikuwa imeteleza peke yake. Kimutai aliivuta kwa vidole viwili. Karatasi ya bluu, maandishi ya dhahabu, na juu yake, kwa mikwaruzo myembamba iliyohitaji kugeuzwa kwenye mwanga: Wendell. Lakini ukingoni palikuwa na pengo. Kipande kilikuwa kimetoka, kama mtu ameung'ata mkate.

Walikitafuta kile kipande mpaka wakakata tamaa. Kimutai alivua koti lake, akaifunga.

Waliporudi, Miss Ernestine alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mikono, blauzi ya kijani, midomo imepakwa rangi. Nyumba ilikuwa tupu, na sauti zao zilirudi kutoka ukutani. Kinanda kilikuwa tayari juu ya boksi mbele yake. Cherono alisimama nyuma ya kiti. Macho yake yalimwambia mumewe: taratibu.

Kimutai hakujua taratibu ilivyo.

"Mama," alisema, "sahani zako zimevunjika. Tulizitupa kwa makosa. Kosa ni letu, mimi kwa kusema na huyu kwa kusikia. Imebaki hii moja, ndiyo ya baba yako, na hii yenyewe imeng'atwa."

Cherono alifumba macho.

Miss Ernestine alijisogeza mbele kitini. Alinyoosha mikono, akapewa ile santuri, akaipitisha vidole ukingoni kwa kuwa macho yake hayakuwa na nguvu tena. Vidole vilifika kwenye pengo, vikakaa hapo. Garimoshi lilipita, madirisha yakatetemeka, likaisha.

"Imeondoka sehemu gani?" aliuliza. "Mwanzo au mwisho?"

"Sindano inaanzia nje, inakwenda ndani," Kimutai alisema. "Umeondoka mwanzo."

"Basi weka. Baba yuko mwishoni."

"Na zile zingine..." Evariste alianza.

"Zingine zilikuwa za mama yangu. Mama yangu hakuwa na masikio ya muziki." Kisha akauliza: "Na zile blanketi kwenye kona ni za nini?"

"Sahani zako za kulia," alisema Cherono.

"Bwana wee. Hizo ndizo nilizotaka mtupe."

Evariste aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Ndani ya kifuniko cha kinanda kulikuwa na kikopo kidogo cha sindano za chuma. Nyingi zilikuwa na kutu. Kimutai alichagua moja iliyong'aa, akaikaza. Alitaka kusukuma yeye, lakini kidole chake kilikuwa kinene na kigumu, kidole cha kubeba mafriji. Alijaribu, sahani ikaruka na kusimama, ikaruka na kusimama.

"Toka," alisema Evariste. "Umeshaharibu ya kutosha leo."

"Nani ameharibu?"

"Toka, vieux."

Evariste alipiga magoti. Akaweka kidole cha shahada juu ya karatasi ya bluu, kando ya jina la Wendell, akaanza kuzungusha. Kimutai akashusha sindano baada ya pengo.

Kilichotoka kwanza kilikuwa mlio wa ng'ombe mgonjwa. Mzito, wa kuvuta, ukipanda na kushuka.

"Huo ni msiba!" alisema Miss Ernestine. "Hiyo ni dansi, mwanangu. Watu wanacheza! Haraka!"

Evariste akaongeza. Sasa ukawa mlio wa paka.

"Umepita. Rudi kidogo. Ngoja." Akainua mkono wake, mwembamba kama jani kavu, akaanza kupiga kiganja kwenye mkono wa kiti. Pa. Pa. Pa. Pa. "Hivi. Walikwenda hivi."

Evariste aliacha kuitazama sahani. Akautazama mkono wa bibi, kama anavyomtazama mwalimu wa kwaya Jumapili, na kidole chake kikaufuata.

Na hapo kukawa na bendi.

Kimutai hakuiona ikija. Dakika moja palikuwa na makelele, na dakika ileile palikuwa na wanaume tisa ndani ya chumba. Walikuwa wadogo na walikuwa mbali, kama watu wanaopiga ndani ya mtungi, nyuma ya mvua inayonyesha. Lakini walikuwapo. Tarumbeta moja ilikuwa ikisema, nyingine ikiijibu. Zumari ilikuwa ikipanda na kushuka kati yao kama mtoto kati ya miguu ya watu wazima. Banjo ilikuwa ikikatakata chini, ikikimbia bila kuchoka, na kitu kinene cha shaba kikitembea nyuma yao, pum, pum, kwa mwendo wa mtu mnene aliyefurahi. Hakuna aliyeimba. Hawakuhitaji.

Kimutai alikuwa mtu wa nyimbo za magitaa, zile za wapanda farasi wa Marekani, ambazo watu wa kwao huzipenda kana kwamba ziliandikwa Bomet, jirani na Kericho. Muziki huu hakuwa na habari nao. Miaka ishirini na kitu amekaa Marekani, akapita barabara ambazo wanaume hawa walizipita na viatu vyao vya kung'aa, na hakuna aliyemwambia kwamba walikuwapo. Lakini kilichomshangaza zaidi ni kitu kingine. Alitazama ukutani. Waya hakuna. Betri hakuna. Watu walivuta pumzi, wakaipuliza kwenye pembe ya bati, pumzi ikachora mstari, na mstari huo ukanyamaza chini ya nyumba kwa umri wa mtu mzima. Sasa sindano ilikuwa ikitembea mlemle, na pumzi ileile ilikuwa ikitoka. Ilikuwa ikimpiga usoni. Alivua kofia bila kujua kwamba ameivua.

"Hii ni rumba," Evariste alinong'ona, kidole kikizunguka. "Nyanya yake rumba."

"Kila kitu kizuri ni cha Kongo," Kimutai alinong'ona.

"Sasa umeanza kuelewa."

"Shh!" alisema Cherono.

Sindano ilikuwa imekaribia karatasi ya bluu. Miss Ernestine aliacha kupiga kiganja. Uso wake ulikuwa umekazana, umekuwa mdogo, si uso wa bibi tena. Aliinua kidole kimoja.

"Sasa," alisema.

Tarumbeta zikanyamaza zote pamoja. Banjo ikanyamaza. Yule mnene wa shaba akanyamaza. Pakabaki mvua peke yake, na Evariste, bila mkono wa kufuata, akazungusha kwa imani. Na kutoka pembeni kabisa, karibu na mlango, mtu akagonga mti.

Ko-ko-ko. Ko-ko. Ko!

Hakuna meza iliyoguswa. Mkono wa Miss Ernestine ulikuwa bado hewani. Sauti ilikuwa safi, kavu, karibu kuliko vyombo vingine vyote, kama vile mpigaji amesimama kizingitini na kofia mkononi, anasubiri.

"Karibu," alisema Kimutai.

Lilimponyoka. Bendi ikarudi yote kwa pamoja, ikamaliza wimbo kwa kishindo, na sindano ikaanza kukwaruza mahali pasipo na kitu. Evariste aliendelea kuzungusha. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye boksi na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Yumo," alisema Miss Ernestine. "Leon, mpumbavu wewe. Yumo."

Alipumua kwa muda mrefu. Cherono alimwekea mkono begani, na yeye akaushika.

"Huyu mumeo amesema nini?"

Cherono alimtazama Kimutai, mtu ambaye yeye Cherono, kwa miaka yote ya ndoa yao, alikuwa anasubiri kumwona amekosa la kusema. Kofia ilikuwa imekunjika mikononi mwake kama kitambaa cha kuoshea vyombo.

"Amemkaribisha," alisema Cherono. "Kwetu mtu akigonga mlango, huwezi kukaa kimya. Ni lazima umjibu. Unasema karibu, naye anaingia."

"Karibu," alisema Miss Ernestine, akilijaribu. Kwanza lilimtoka vibaya. Akalirudia mara ya pili, polepole, midomo yake ya rangi ikilishika kila upande. Kisha akakaa sawasawa, akavuta blauzi yake ya kijani, akageukia kule Evariste alikokuwa.

"Mwanangu, kidole bado kina nguvu?"

"Kiko, Mama. Kabisa."

Kimutai alirudisha sindano baada ya pengo. Miss Ernestine akainua mkono kuwapa mwendo.